Kisiwa cha mvua nyingi ambako watoto huoga kwa ratiba

Mwaka 2015, katikati ya ukame, maelfu ya familia za San Juan, mji mkuu wa Puerto Rico, ziliishi kwa ratiba moja iliyotawala kila kitu ndani ya nyumba. Haikuwa ratiba ya shule wala ya kliniki ya watoto. Ilikuwa ratiba ya maji: saa 24 yanatoka bombani, saa 48 hayatoki.

Mzazi aliyewahi kuishi kwenye mgao wa maji hahitaji kusimuliwa hali hiyo. Siku maji yanapotoka hakuna anayekaa. Ndoo zinajazwa, madumu yanajazwa, hata ile sufuria kubwa ya sherehe inatolewa stoo. Nguo zote zinafuliwa siku hiyo, watoto wote wanaogeshwa siku hiyo, na vyombo vilivyolala tangu juzi vinasuguliwa. Kisha bomba linakoroma, linatema hewa, na kunakuwa kimya.

Kinachoshangaza ni mahali penyewe. Puerto Rico si jangwa. Ni kisiwa cha bahari ya Karibi kilicho chini ya Marekani, chenye watu wapatao milioni 3.2 ambao wengi wao huzungumza Kihispania, na ukubwa wake ni zaidi ya mara tatu ya Unguja na Pemba zikijumlishwa. Upande wa mashariki, kwenye msitu wa El Yunque, mvua ya mwaka hupita milimita 3,000, karibu mara tatu ya inayonyesha Dar es Salaam. Watalii huenda huko kuoga kwenye maporomoko ya maji. Na kutoka huko hadi kwenye mabomba makavu ya San Juan ni mwendo wa gari wa kama saa moja tu.

Mvua yote hiyo inakwenda wapi?

Inakwenda baharini, na inakwenda haraka. Katikati ya kisiwa kuna safu ya milima iliyotambaa kutoka mashariki hadi magharibi kama uti wa mgongo wa samaki, na mito yake ni mifupi na yenye mteremko mkali. Maji yaliyoanguka mlimani asubuhi yanaweza kuwa yameshafika kwenye chumvi kabla ya siku kwisha. Kisiwa hicho hakina ziwa kubwa la asili hata moja, ukiacha maji ya kina kifupi yaliyo karibu na pwani. Asiyekuwa na ziwa itabidi alitengeneze.

Na wamelitengeneza mara nyingi. Puerto Rico ina mabwawa makubwa zaidi ya 30. Ya mwanzo, kama Carite la mwaka 1913 na Patillas la mwaka 1914, yalijengwa ili kumwagilia mashamba ya miwa ya upande wa kusini kwenye mvua chache. Katika miaka ya 1940 yakaja ya kufua umeme milimani, likiwamo Dos Bocas lililokamilika mwaka 1942. Kisha miji ikakua, viwanda vikaja, watu wakahama mashamba, na serikali ikaanza kujenga kwa ajili ya maji ya kunywa: Carraízo mwaka 1953, La Plata mwaka 1974. Wenyeji huyaita yote lago, yaani ziwa. Mtoto aliyezaliwa karibu na mojawapo anaweza kukua akiamini kwamba limekuwepo tangu Mungu aumbe dunia.

Hapo ndipo shida inapoanza, maana ziwa la asili na mto uliozibwa si kitu kimoja.

Sufuria iliyojaa mchanga

Bwawa la Carraízo liko Trujillo Alto, kusini mashariki mwa San Juan. Ukuta wake wa zege umeziba Río Grande de Loíza, mto wenye maji mengi kuliko yote kisiwani. Ulipokamilika mwaka 1953, nyuma ya ukuta huo palikuwa na nafasi ya kuhifadhi karibu mita za ujazo milioni 27 za maji. Wataalamu walipopima tena mwaka 1994 walikuta nafasi iliyobaki ni kama milioni 14.

Ukuta haukuwa umepasuka na wala mto haukuwa umekauka. Nusu ya bwawa ilikuwa tope.

Fikiria sufuria ya lita kumi ambayo mtu amemwaga mchanga hadi katikati. Ukiitazama kutoka nje ni ileile, mikono yake ileile, na ukiijaza maji hadi ukingoni inaonekana imejaa kweli. Lakini ukianza kuchota, vikombe vitano tu vya ile jagi kubwa na umeshagonga mchanga. Ndivyo ilivyokuwa Carraízo. Bwawa lililojengwa ili livumilie miezi ya kiangazi lilibaki na maji ya wiki chache, na mvua ikichelewa kidogo tu, hesabu inagoma. Mwaka 1994 mvua zilichelewa, na San Juan ikaingia kwenye mgao.

Juu ya maji nako kulikuwa na balaa lake. Mara kwa mara sehemu za bwawa hilo hufunikwa na magugu maji, mmea uleule wenye maua ya zambarau ambao wavuvi wa Kisumu na Mwanza wanaujua vizuri mno. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na hustawi pale ambapo mto unaleta uchafu wa miji na mbolea za mashamba. Kwa mpita njia ni zulia la kijani. Kwa mwendesha mitambo ya maji ni kazi ya ziada kila siku.

Kati ya mwaka 1997 na 1999 serikali iliamua kulichimba. Karibu mita za ujazo milioni 6 za tope ziliondolewa. Kama zingebebwa na malori yenye uwezo wa mita za ujazo 10, ingekuwa safari 600,000. Zoezi hilo lilimeza mamilioni ya dola, likarudisha sehemu ya nafasi iliyopotea, na mara tu mitambo ilipozimwa mto ukaendelea na kazi yake ya kuleta tope jingine.

Jaribu na mwanao

Mtoto akiuliza kwa nini bwawa linajaa tope, usimjibu kwa maneno mengi. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu. Weka viganja viwili vya udongo wa bustanini, jaza maji, funga kizibo, mpe aitikise kwa nguvu. Maji yatakuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Huo ndio mto siku ya mvua kubwa.

Kisha mwambie aiweke mezani bila kuigusa. Ndani ya dakika moja mchanga na vijiwe vitakuwa vimeshuka chini. Baada ya nusu saa kutakuwa na safu ya pili, laini zaidi. Vumbi la mwisho kabisa litakuwa bado linaelea hata kesho yake.

Mto unaotembea hubeba. Mto uliosimamishwa hutua mzigo. Bwawa ni mahali ambapo mto umelazimishwa kusimama, kwa hiyo mzigo wote unatuliwa hapo, mchanga mzito ukianza kule mto unapoingilia na tope laini likisogea hadi miguuni mwa ukuta. Mtoto wa darasa la tatu analielewa hilo. Baadhi ya watu wazima waliopanga miji chini ya mabwawa haya walifanya kana kwamba hawalielewi.

Tope la wakati wa babu

Mtu angedhani dawa ni kupanda miti tu. Kisa cha Puerto Rico si chepesi hivyo.

Katika miaka ya 1940 misitu ya kisiwa ilikuwa imebaki chini ya asilimia 10 ya ardhi. Vilima vilikuwa vimekatwa kwa ajili ya miwa, tumbaku, kahawa na malisho. Baadaye watu walipokimbilia mijini na wengine wakahamia New York, mashamba yaliachwa, na miti ikarudi yenyewe bila kuombwa. Leo zaidi ya nusu ya kisiwa ni msitu. Ni mojawapo ya sehemu chache duniani ambako msitu umeongezeka kwa kiasi hicho ndani ya maisha ya mtu mmoja.

Sasa kwa nini tope bado linakuja?

Wanajiolojia waliochunguza vijito vinavyoingia Río Grande de Loíza wanaeleza kwamba udongo mwingi uliomong'onyoka enzi za tumbaku na miwa haukufika mbali. Ulijikusanya chini ya vilima na kwenye kingo za mito, na tangu hapo mafuriko yamekuwa yakiumega kidogo kidogo na kuushusha. Yaani sehemu ya tope linaloziba bomba la mjukuu leo ilikatwa kwa jembe la babu yake. Babu mwenyewe alikuwa akitafuta chakula cha watoto wake, na hakuna wa kumlaumu.

Kuna pia wa leo wa kulaumiwa. Bonde la mto huo lina miji kama Caguas, Gurabo na Juncos, na kwa miongo kadhaa vilima vyake vimechongwa kwa barabara, maduka na mitaa mipya. Mteremko uliochongwa na kuachwa wazi hutoa udongo zaidi kuliko shamba. Na milima yenyewe ni mikali. Hata pasipoguswa na mtu, mvua kubwa huiangusha.

Halafu ikaja siku ambayo mvua kubwa ilikuwa neno dogo.

Septemba 2017

Kimbunga María kilitua kusini mashariki mwa Puerto Rico, eneo la Yabucoa, asubuhi ya Jumatano tarehe 20 Septemba 2017, kikiwa na upepo wa kilomita 250 kwa saa. Caguas, mji ulio juu ya bwawa la Carraízo, ulipata karibu milimita 960 za mvua. Hiyo haipungui sana mvua ya mwaka mzima ya Dar es Salaam, imeshuka kwa dhoruba moja. Baadaye wataalamu walipokagua picha zilizopigwa kutoka angani walihesabu maporomoko ya ardhi zaidi ya 70,000. Udongo huo wote ulianza safari ya kwenda mitoni.

Lakini hofu kubwa kuliko zote ilitokea upande wa pili wa kisiwa, kaskazini magharibi, kwenye bwawa la Guajataca.

Guajataca lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Ukuta wake si wa zege. Ni tuta la udongo ulioshindiliwa, lenye kimo cha yapata mita 37. Tuta la namna hiyo linaweza kudumu karne nzima kwa sharti moja: maji yasipite mahali pasipopangwa. Ndiyo maana pembeni hujengwa mfereji wa zege wa kutolea maji ya ziada. Bwawa likijaa kupita kiasi, maji hutoka kwa mfereji huo na tuta linabaki salama.

Siku hizo bwawa lilijaa kupita kiasi. Maji yakaingia mferejini kwa nguvu, yakavunja zege la chini, kisha yakaanza kuula udongo uliokuwa chini yake, yakirudi nyuma kuelekea bwawani. Ijumaa tarehe 22, siku mbili baada ya kimbunga, Idara ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba bwawa linakatika na watu wakimbilie sehemu za juu. Walioambiwa waondoke kwenye maeneo ya Isabela na Quebradillas walikadiriwa kuwa 70,000.

Mzazi jiweke hapo. Umeme umekatika kisiwa kizima. Minara mingi ya simu imeanguka, kwa hiyo huwezi kumpigia dada yako aliye ng'ambo ya mto wala mwalimu aliyehifadhi watoto. Barabara zina miti na nguzo. Nyumba yako imenusurika upepo na ulianza kupumua. Sasa basi la serikali limesimama nje na unaambiwa panda, maji yanakuja. Bibi hatembei vizuri. Mtoto mchanga ana homa. Unachukua nini?

Bwawa halikukatika. Maji yalipungua kabla udongo haujaisha. Wanajeshi wahandisi wa Marekani walileta helikopta zilizodondosha mifuko ya mchanga, kila mmoja ukiwa na uzito unaozidi tani moja, pamoja na mamia ya vizuizi vya zege, ili kuziba shimo. Pampu na mabomba makubwa yakafungwa ili kushusha kina cha maji na kulipunguzia tuta mzigo.

Na hapo ndipo familia za upande huo zilipokutana na tatizo lisilo na jibu zuri. Bwawa lilelile lililotishia kuwaua ndilo lililowanywesha. Takriban watu 350,000 hutegemea maji ya Guajataca. Ukishusha kina ili ukuta usivunjike, mabomba yanakauka. Ukiacha lijaze ili mabomba yatiririke, ukuta unakuwa hatarini. Kwa miezi mingi baadaye maji yalitoka kwa zamu.

Sehemu nyingine za kisiwa nazo hazikuwa na nafuu. Mitambo ya kusafisha na kusukuma maji inahitaji umeme, na umeme ulichukua karibu miezi 11 kurudi kwa kila mteja. Watu walichota kwenye vijito vya milimani na kwenye mabomba yaliyochomekwa kwenye miamba kando ya barabara. Katika wiki zilizofuata wagonjwa wa leptospirosisi waliongezeka. Huo ni ugonjwa unaoenezwa na maji au udongo ulioguswa na mkojo wa wanyama, hasa panya. Mwaka uliofuata serikali ya kisiwa ilikubali kwamba idadi ya waliokufa kutokana na María na hali iliyofuata ni 2,975. Wengi hawakuuawa na upepo wala mafuriko. Waliuawa na wiki na miezi ya kukosa umeme, dawa, maji na huduma.

Miaka mitano baadaye, Septemba 2022, kimbunga Fiona kilipita. Upepo wake ulikuwa mdogo ukilinganisha na wa María, lakini mvua yake ilikuwa ya kutisha, na zaidi ya wateja 700,000 wa maji walibaki bila huduma. Umeme ulikuwa umekatika, na mito ilikuwa imechafuka kwa tope kiasi kwamba mitambo ya kuchuja ilishindwa.

Mtu akiyasikia hayo haraka anaweza kudhani ni habari mbili tofauti, ukame wa 2015 na mafuriko ya 2017. Kwenye bwawa ni habari moja. Kila dhoruba inapunguza nafasi ya kuhifadhi maji ya kiangazi kinachofuata.

Maji yaliyolala ndani

Turudi kwenye ile nyumba ya San Juan yenye ndoo kila kona, maana mgao wa maji una madhara yasiyotajwa kwenye takwimu za mabwawa.

Maji yaliyohifadhiwa wazi ni kitalu cha mbu. Siyo mbu wa malaria, bali yule mwenye madoadoa meupe miguuni anayeuma mchana, anayependa kuishi na watu na kutaga kwenye ndoo, pipa na hata sahani iliyowekwa chini ya chungu cha maua. Ndiye anayesambaza dengi. Mwaka mmoja kabla ya ukame kukolea, yaani 2014, kisiwa kilikuwa kimepata mlipuko wa chikungunya. Jina hilo, kwa wasiojua, ni la Kimakonde. Lilianzia kusini mwa Tanganyika, ambako ugonjwa huo ulitambuliwa kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1950, na linaeleza jinsi mgonjwa anavyopinda kwa maumivu ya viungo. Neno la Newala likasafiri hadi vinywani mwa madaktari wa San Juan. Kisha Desemba 2015 kikapatikana kisa cha kwanza cha Zika kilichoambukizwa ndani ya kisiwa, na kila mama mjamzito akaanza kutazama mapipa yake kwa jicho jingine.

Kwa hiyo kazi ya mzazi haikuisha kwa kujaza. Chombo kikitoboka kizibo, funika kwa kitambaa na ukifunge. Kila wiki mwaga maji ya chini na usugue kuta za ndani kwa brashi, kwa sababu mayai ya mbu huyo hugandamana ukutani juu kidogo ya maji na yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri maji yapande. Kumwaga peke yake hakutoshi. Na ndoo isiachwe mahali mtoto anayetambaa anaweza kuifikia, hata ikiwa na maji ya kufika kiganjani.

Julai 2020 mgao ulirudi, safari hii kwa zamu ya siku moja yanatoka na siku inayofuata hayatoki, kwa wateja wapatao 140,000, baadhi yao wakiwa San Juan. Ulikuwa mwaka wa korona. Redio ikiwahimiza nawa mikono, bomba likiwa limefungwa.

Hapa kuna jambo ambalo wenyeji hulisema kwa uchungu kuliko hata tope. Zaidi ya nusu ya maji yanayosafishwa na mamlaka ya maji ya kisiwa hicho hayafiki kwenye ankara ya mteja yeyote. Sehemu inavuja kwenye mabomba yaliyozeeka chini ya barabara, sehemu inaibwa, sehemu haipimwi sawasawa. Kuchimba tope ni gharama, kujenga bwawa jipya ni gharama zaidi na kunahitaji bonde jingine na watu wengine wa kuhamishwa. Maji yanayovuja tayari yamekusanywa, yamesukumwa na yametiwa dawa. Kuziba bomba la mtaani hakukatiwi utepe, na pengine ndiyo sababu huwa kazi ya mwisho kutengewa fedha.

Familia ya Adjuntas

Juu kabisa, mito inakoanzia, kuna mji mdogo wa Adjuntas unaolima kahawa. Mwaka 1980 mhandisi Alexis Massol González na mkewe Tinti Deyá, pamoja na majirani, walianza kupinga mpango wa kuchimba shaba na dhahabu kwa mashimo ya wazi kwenye milima hiyo. Hoja yao ilikuwa ya kawaida kabisa: mlima ukichimbwa, maji ya wanaokaa chini yataharibika. Inasimuliwa kwamba watu waliojitokeza mwanzoni walikuwa wachache mno.

Hawakuacha. Walinunua nyumba kuukuu mjini wakaiita Casa Pueblo, Nyumba ya Watu. Wakaanza kuuza kahawa ya chapa yao ili wasitegemee fedha za wanasiasa. Kwenye katikati ya miaka ya 1990 serikali iliachana na uchimbaji, na mwaka 1996 eneo lililokuwa liwe mgodi likatangazwa kuwa hifadhi, Bosque del Pueblo, msitu wa watu, ikisimamiwa na jamii yenyewe. Mwaka 2002 Massol alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Baada ya María, nyumba hiyo yenye paneli za sola ilikuwa mojawapo ya sehemu chache za mji zilizokuwa na taa, na watu walikuja kuchaji simu na mashine za kupumulia. Mtoto wao Arturo, ambaye ni mwanabiolojia, naye amekuwa mmoja wa viongozi wa kazi hiyo.

Msitu wa Adjuntas hautazuia maporomoko 70,000. Lakini tope ambalo mgodi ungelishusha kwenye mito ya chini yake, kila mvua iliponyesha kwa miaka yote hii, halikushuka.

Huko bondeni, wazazi wana kazi yao ya kila siku. Mamlaka ya maji hutangaza kimo cha maji cha mabwawa makuu, kwa mita, na kila bwawa lina madaraja yake: limefurika, salama, liangaliwe, marekebisho, na la mwisho ambalo maana yake ni mgao. Wakati wa ukame magazeti na televisheni huyasoma kama matokeo ya mpira. Mama wa Trujillo Alto anaweza kuyatazama kwenye simu kabla ya kuamua kama sare za shule zifuliwe leo au zisubiri Jumamosi. Namba hiyo inamwambia uso wa maji uko wapi. Sakafu ya bwawa imepanda kiasi gani tangu María haimo kwenye namba hiyo, na kwa hiyo anajaza madumu mawili ya ziada, anayafunika, na kuyasukuma chini ya meza ya jikoni.